Kichupa 417

Nyuzi themanini chini ya sifuri,
na nje, hapa Oulu, ishirini na saba, chini vilevile:
leo friza na mji vinakaribia kuwa ndugu.
Navaa glavu, navuta droo,
ukungu unanipanda usoni
na hapo, kwa mwandiko wangu wa ujana,
wino umefifia lakini saba bado ina mkia:
417. Februari. Hajala tangu jana usiku.

Nakukumbuka, Raimo Kettunen, dereva wa lori la magogo.
Ulijaza kiti, ukazidi kiti,
ukaniomba radhi kwa ajili ya kiti.
Mshipa ulijificha; nilichoma mara mbili.
Mfukoni mwako, ndani ya karatasi, mkate wa iliki
uliojaza chumba harufu,
nawe ukaulinda kama mtu aliyebeba kifaranga.
"Nikimaliza tu," ulisema, "nikimaliza tu."

Sukari yako ilikuwa tano nukta mbili.
Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikakwambia: salama.
Neno hilo, nani alinipa?
Ulilifungua pamoja na mkate wako
ukaondoka unatafuna.

Leo mashine inakusoma upya.
Inanguruma, inapima uzito wa vitu visivyo na uzito,
inachora vilele kwenye kioo:
leusini, isoleusini, valini,
halafu tirosini, halafu fenilalanini,
majina kama ya mabinti wa nyumba moja yenye majivuno,
na wote watano wamesimama juu kuliko inavyopasa.

Si nyama uliyokula jana yake.
Ni wageni waliobaki ukumbini karamu imekwisha:
mlango wa nyuma, ule wa mafuta, umekwama,
misuli imechoka kuwapokea,
ini linajifanya halisikii hodi,
na kongosho, mhudumu maskini,
anazidi kumimina insulini, tabasamu usoni,
ndiyo maana sukari ilikuwa tano nukta mbili.
Kimya cha nyumba si amani ya nyumba.

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu.
Wewe mawingu yako yalikuwa ndani ya kichupa,
ndani ya droo, ndani ya friza,
miaka tisa kabla ya kiu ile
iliyokuamsha usiku unywe kama rejeta ya lori,
miaka kumi na sita kabla ya kidole gumba
cha mguu wa kushoto.
Najua. Faili lako liko mezani.
Nimelisoma nikiwa nimesimama.

Usinielewe vibaya. Hii si ramli.
Mwenye kichupa 388 alikuwa na vilele kama vyako
na juzi nilimwona juu ya barafu, anavua samaki tunduni,
miaka sabini na mbili, mnene vilevile,
anatukana baridi kwa sauti ya mtu mzima wa afya.
Damu haiapi. Damu inanong'ona tu.
Nisichokisamehe ni kidogo:
kwamba ilinong'ona, nasi hatukuwa na sikio,
tukauita uziwi wetu habari njema.

Saa nane mchana, jua limeshakwisha.
Nje ya mlango kuna binti, Aila, miaka kumi na tisa,
amekaa ukingoni,
ameshajifunza kuomba radhi kwa viti.
Sukari yake: tano kamili.
Nashika karatasi yake ya pili, ile yenye vilele.
Ulimi unalitafuta lile neno la zamani,
unalikuta, bado tamu,
unaliacha palepale.

Navuta kiti kingine, kipana, kisicho na mikono.
"Kaa vizuri," namwambia. "Tuna maneno marefu kidogo.
Na kama una mkate mfukoni,
kula kwanza."